Kikapu cha Senene na Mpiga Yowe

Ijumbi, 6 Oktoba

Annastella amenunua daftari hili gulioni, ameliweka mezani mbele yangu. "Bibi, ukitaka kugomba, gomba na daftari. Masikio yangu yamejaa."

Haya, tugombe. Shule sikuiona hata kwa kuchungulia dirishani. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, mama yake Annastella akiwa mgongoni mwangu, na kilichonipeleka ni hasira. Mume wangu alikuwa ananisomea barua za dada yangu, akifika panaposemwa yeye anaruka. Kwa hiyo atakayesoma hapa asinitafutie nukta na mkato. Aseme ahsante kwamba nimeandika.

Nianze na kinachonigombesha kuliko vyote. Mjukuu wangu huyu, yatima wa binti yangu, ana saratani ya damu. Mwaka juzi tumbo lilimvimba upande wa kushoto, watu wa gulioni wakasema ni mimba. Mimi nikasema mimba gani inakaa chini ya mbavu. Nikambeba hospitali. Sasa anameza kidonge kimoja kila siku baada ya kula, kwa kikombe kikubwa cha maji, na hakuna siku ya kumaliza dozi. Anaamka macho yamevimba kama mtu aliyelia mpaka asubuhi. Daktari alituambia ni dawa hiyo inayofanya hivyo. Basi anameza, anakaa kwenye cherehani yake barazani, anashona sare za watoto na magauni ya kwaya. Ukimwona huwezi kujua kitu. Mimi najua.

9 Oktoba

Mvua. Aristides amenunua taa.

10 Oktoba

Taa yenyewe si ya mtu mwenye akili. Aristides ni kitinda mimba wangu, ana ndevu nyeupe na bado anatenda kama kitinda mimba. Ameleta taa ya kunasia senene, kubwa kama kichwa cha ndama, na mabati mapya, na mapipa. Vyote amevisimamisha katikati ya kibanja changu. Migomba iliyokuwa na mikungu ameikata ili mabati yapate nafasi.

Nikamuuliza, "Senene wamekupigia simu kwamba wanakuja?"

"Mawe, mama yangu, mwaka huu watakuja wengi. Mvua inaonyesha."

"Mvua inaonyesha kwamba umekata ebitoke vyangu, ndizi zangu za kupika."

Annastella alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Nikasahau kukasirika kwa muda kidogo, halafu nikakumbuka.

14 Oktoba

Siku ya gulio. Amekuja Oliva kutoka kisiwani Bumbire, mke wa Hussein mchuuzi wa dagaa. Yeye na Annastella walijuana kwenye benchi la hospitali Bukoba mjini. Oliva ana uvimbe kwenye titi. Walimwambia apimwe vizuri, kisha atibiwe kwa dripu. Akasikia kwamba nywele hutoka, akakimbia. Tangu hapo anakuja kwetu kushonewa nguo ambazo hazivai.

Nimempa kahawa ya kutafuna, nimempa na ukweli wangu. "Oliva, mwanangu, nywele ni magugu. Zitaota."

Akajibu, "Mama, kule mwaloni kwa wavuvi mwanamke akitoka nywele wanasema ana ule ugonjwa mwingine."

"Waache waseme. Wakimaliza kusema watakula nini? Si dagaa wa mume wako?"

Akacheka kwa mdomo tu. Alipoondoka, Annastella alimfungia ndizi mbivu ndani ya kikapu changu kidogo, akaibo, kile nilichokisuka kwa mkono wangu nikakitia rangi nyeusi ubavuni. Alikifunga mwenyewe chumbani, akakileta kimefunikwa jani. Nikajisemea, huyu nimemlea.

21 Oktoba

Leo macho ya Annastella ni mazuri. Hayajavimba hata kidogo. Nimemwambia sura yake imerudi ile ya kipaimara. Akageuka upande.

22 Oktoba

Leo pia. Nimemshukuru Bikira Maria rozari nzima, magoti yamenikatika.

28 Oktoba

Kikapu kimerudi na dagaa wakavu. Ndivyo inavyotakiwa, kwetu kikapu hakirudi kitupu. Anayekurudishia kikapu kitupu anakuambia hamjuani tena. Annastella amekijaza parachichi, kimeondoka tena kwenda kisiwani. Nikasema, hiki kikapu sasa kinatembea kuliko padre.

4 Novemba

Taa ya Aristides imewashwa. Imenasa vipepeo, vidudu vya mavi ya ng'ombe, na jirani yetu Lwakatare aliyekuja anakimbia na ndoo ya maji akidhani tunaungua.

5 Novemba

Hakuna senene.

6 Novemba

Hakuna. Aristides anasema ni upepo. Jana alisema ni mwezi.

11 Novemba

Annastella amechoka. Amelala mchana, yeye ambaye halali mchana. Anasema ni sare nyingi za kufunga mwaka. Nimemgusa chini ya mbavu kushoto kwa hila, kama ninayemrekebishia kanga. Akanishika mkono akauondoa taratibu.

12 Novemba

Leo naandika mpaka kalamu iishe.

Asubuhi alikuja Hussein. Shikamoo, marahaba, akaketi, akatoa kikapu changu kwenye mfuko. Nikafunua jani. Senene. Wamejaa mpaka mdomoni, wamenyonyolewa mabawa na miguu, wamekaangwa, hakuna hata bawa moja lililosahaulika. Kule kisiwani wavuvi wa dagaa wanawasha taa, senene wanajiangusha wenyewe mitumbwini. Lakini hata hivyo! Msimu haujafunguka, kikombe kimoja watu wananunuliana kama dhahabu, na mtu amekaa kitako ananyonyoa kikapu kizima kwa ajili yangu.

Enzi zetu mwanamke alikuwa anawakusanya senene, anawanyonyoa, halafu anameza mate mumewe akila. Mimi nilianza kuwala siku ya tatu baada ya kumzika wangu. Kwa hiyo najua thamani yake. Senene hawapelekwi hivi hivi. Anapelekewa mkwe, au mtu aliyekuokoa. Kwa parachichi hakuna anayenyonyoa kikapu kizima.

Nikamuuliza, "Hussein, mnatushukuru nini?"

Akaniangalia kama ninayemtania. "Mama, si vile vidonge."

"Vidonge gani?"

Ndipo akaona kwamba sijui. Akaanza kusimama. Nikamwambia keti. Akaketi.

Maskini hakuwa na kosa. Aliambiwa na mkewe kwamba nyumba yetu imekubali. Kwamba Annastella anakata kila kidonge kwa mkasi wa kushonea, nusu yake, nusu ya Oliva, na nusu hizo zinasafiri kwenye karatasi chini ya ndizi, chini ya parachichi, ndani ya kikapu changu mimi. Tangu ile siku ya gulio.

Nilimwita Annastella. Alikuja, akaona kikapu, akamwona Hussein anaangalia sakafu.

Nikasema, "Macho."

"Ndiyo, Bibi."

"Nimesali rozari kwa ajili ya hayo macho. Nimemshukuru Mama wa Mungu kwamba humezi dawa."

Akachomeka sindano yake kwenye kola.

"Unataka kunizika au unataka nikuzike? Sema nijue, nisuke mkeka upi."

Hapo akaongea. "Bibi, Oliva ana saratani na mimi nina saratani. Mimi nina dawa, yeye hana. Nilikuwa na umri gani uliponichapa kwa sababu mgeni alifika nikala kiazi changu peke yangu nyuma ya jiko? Ulisema nini? Ulisema mtu anayekula peke yake atakufa peke yake."

Sasa hapo nimjibu nini? Ni kweli nilimchapa. Ni kweli nilisema, na kesho ningesema tena. Nimelea mtoto mwenye moyo mzuri, moyo huo huo unamuua.

Nikamwambia, "Kiazi ni kiazi. Dawa si kiazi."

"Tofauti yake nini?"

Sikujua tofauti yake. Hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote.

Senene nimewagawa kwa watoto wa Lwakatare. Sikuweza kumeza hata mmoja. Kikapu nimekitundika msumarini.

13 Novemba

Anameza mbele yangu. Namwambia fungua mdomo, inua ulimi. Ni mtu mzima, fundi mwenye wateja, anainua ulimi kama ndama. Hatuongei mengine.

14 Novemba

Aristides ameingilia. Anasema kama msichana amekaa na nusu nusu na hajafa, basi amepona, aache kabisa, kuna mtu anaombea watu. Nimemwambia akaiombee taa yake.

15 Novemba

Mvua kubwa. Senene wameshuka leo, wengi, wa kijani na wa kahawia, mabati yanalia kama mvua ya mawe. Kijiji kizima kiko kwenye kibanja changu na ndoo. Aristides anatembea kama askofu. Mimi nilikuwa ndani, namwangalia Annastella anavyopumua.

19 Novemba

Tumetoka Bukoba mjini. Daktari Kahigi wa damu huwa anakuja kutoka Mwanza mara moja kwa mwezi, tulimpata leo. Ni mtoto wa huku kwetu Maruku, nilimletea kahawa ya kutafuna kwenye jani, akapokea kwa mikono miwili. Vizuri. Halafu akasoma karatasi ya damu, akaacha kutafuna.

Chembe nyeupe zimepanda sana. Akauliza Annastella kama anameza kila siku. Annastella akafungua mdomo kudanganya, mimi nikakohoa. Akasema kweli yote.

Daktari hakufoka. Mimi nilitaka afoke. Alivuta kiti akaja upande wetu wa meza. Nikamwambia, "Daktari, mimi si msomi, lakini si mjinga. Nieleze tofauti ya kiazi na dawa, maana huyu ameniuliza nikashindwa."

Akasema ndani ya mwili kuna seli, na ndani ya seli kuna vitu vinaitwa vimeng'enya, na baadhi yake kazi yake ni kupeleka habari. Kimoja kikiguswa kinamgusa mwenzake, mwenzake anamgusa wa mbele, mpaka habari inafika ndani kabisa kwenye kiini, palipo na jeni. Jeni ni agizo lililoandikwa. Mengi yamefungwa, hayasomwi. Habari ikifika, agizo fulani linafunguliwa, linanakiliwa, seli inalitenda.

"Agizo gani?"

"Kwa hizi zinazohusika na saratani, Bibi, mara nyingi ni hili: zaliana, na usife."

"Na mtu mzima wa afya hana agizo hilo?"

"Analo. Wewe unalo, mimi ninalo. Ndiyo maana kidonda kinapona. Lakini mpeleka habari akishatumwa, akimaliza, ananyamaza. Kwa Annastella, vipande viwili vya maagizo vilikatika vikaungana pasipotakiwa."

Annastella akasema polepole, "Kama kola iliyoshonwa kwenye mkono wa gauni."

"Hivyo hivyo. Na kutoka kwenye mshono huo mbaya kimetoka kimeng'enya kisichojua kunyamaza. Hakuna aliyekituma, na kinapeleka habari mchana na usiku."

Hapo nikamwambia, Daktari, ngoja, sasa umefika nyumbani kwetu. Hiyo si enduru? Kwetu yowe likipigwa hakuna kuuliza. Unashika panga, unatoka mbio, hata kama una homa. Asiyetoka anatozwa pombe, na siku yake naye akipiga hatokewi na mtu. Sasa tuseme kuna mtu mmoja mwendawazimu, amekaa juu ya kichuguu, anapiga yowe kutwa kucha na hakuna mwizi. Majirani wote watakuwa nje na mapanga, wanakanyaga migomba ya kila mtu. Kosa si la majirani. Wao wanatii. Kosa ni la mpiga yowe.

Daktari akaweka karatasi chini. Akasema, "Bibi, kuanzia leo nitaeleza hivyo." Akaanza tena kutafuna.

"Na kidonge?"

"Kidonge hakimuui huyo mpiga yowe. Kinakaa mdomoni mwake. Kikikaa vizuri, ananyamaza, majirani wanarudi majumbani."

"Na nusu kidonge?"

Akamwangalia Annastella, si mimi. "Nusu ni kiganja kisichofunika mdomo wote. Na ukimwachia nafasi muda mrefu, wanaweza kutokea wengine wa aina yake wenye mdomo wa umbo jingine, kiganja hiki hakiwakai tena. Hapo dawa hii inakuwa maji. Iko nyingine, lakini kuipata kwetu ni shida."

Wanajifunza kupiga yowe katikati ya vidole. Nilielewa hata kabla hajamaliza.

Annastella aliuliza jambo moja tu. "Na Oliva? Nusu yake imemsaidia?"

"Uvimbe wake una mpiga yowe wake, sauti nyingine, nyumba nyingine. Hatujamjua kwa sababu hakurudi tukate kinyama tupime. Kidonge chako kinafunga mdomo wa wako tu. Kwake umepeleka kufuli la mlango wa watu wengine."

Annastella alilia. Tangu aambiwe anaumwa sikuwahi kumwona akilia, leo amelia. Wamechukua damu ipelekwe kupimwa kama mpiga yowe amebadilika mdomo. Majibu kabla ya Noeli.

20 Novemba

Mvua.

21 Novemba

Mvua. Nimegomba na kuku.

25 Novemba

Nimeshuka mwaloni mwenyewe. Nilimtuma Hussein amlete Oliva kwa mtumbwi, nikasema asipokuja nitavuka mimi, na nikizama roho yangu itakaa jikoni kwake. Alikuja. Tulikaa nyuma ya vichanja vya dagaa, ambapo hakuna mtu.

Nilimweleza yote, mpiga yowe, kufuli, mlango. Alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Akasema, "Mama, mbona uvimbe umepungua? Najisikia umepungua. Usininyang'anye hiki."

Nikamwambia nionyeshe. Akafungua blauzi. Niliweka mkono wangu, huu wenye sugu, nikashika taratibu kama ninayepima mkungu kama umekomaa. Alikuwa ananiangalia machoni.

Ningeweza kusema maneno mazuri. Kila mtu amemwambia maneno mazuri.

Nikasema, "Haujapungua, mwanangu. Umekua."

Hakupiga kelele. Alifunga vifungo vyake, kimoja alikikosea, nikamfungulia nikamfunga upya. Nikamkumbatia, na yeye harufu yote dagaa na mimi harufu yote moshi, tukakaa hivyo mpaka Hussein akaja kuchungulia nikamfukuza kwa mkono.

Akasema, "Annastella ataumia kwa sababu yangu?"

"Hatujui. Tunasubiri. Lakini wewe ukikaa tena hapa ukisubiri, hapo ndipo utakuwa umemuumiza bure."

"Na nywele?"

"Mwambie atakayecheka kwamba mimi nipo Ijumbi na nina mdomo. Nao haufungwi na kidonge."

Hapo alicheka kweli.

Nilimpa kikapu, kina ndizi juu na ndizi chini, apekue mwenyewe. Nikamwambia sikiliza vizuri, nakupa neno ambalo mwanamke wa Kihaya hampi mwenzake. Siku utakayoshikishwa dawa yako mwenyewe, ya mpiga yowe wako mwenyewe, nirudishie kikapu hiki kitupu. Usitie dagaa, usitie senene. Kikiwa na chochote nitajua bado unatudai na sisi tunakudai. Kikiwa kitupu nitajua umepata chako.

Akasema, "Watu watasema nimekutukana."

"Ndiyo, nitukane."

30 Novemba

Macho ya Annastella yamevimba leo, yamebaki nyufa mbili. Amekuwa mbaya kama chura. Nimembusu kila jicho. Akasema, "Bibi, niache nishone."

6 Desemba

Senene wamepungua. Aristides amerudisha gharama ya taa na kaniletea kitenge. Kizuri. Sitamwambia.

10 Desemba

Annastella ananiuliza kila asubuhi kama Oliva amekwenda. Sijui. Hussein hajaonekana gulioni wiki mbili. Anasema, "Kama hakwenda, Bibi, nitafanya nini?" Nikamwambia utameza kidonge chako kizima, ndicho utakachofanya. Kula na mgeni ni vizuri. Ila kuna chakula kimoja ambacho ukigawa mnabaki na njaa wote wawili, na mimi sikukufundisha hicho kwa sababu nilikuwa sikijui.

Aliweka kichwa begani mwangu. Tumeongea mengine sasa.

20 Desemba

Bukoba tena, na matope. Barabarani sikusema neno, Annastella akaniuliza kama naumwa.

Daktari Kahigi alikuwa amesimama mlangoni na karatasi, na mimi nilimsoma usoni kabla hajaisoma. Mpiga yowe hajabadilika mdomo. Ni yule yule, na kiganja kinamkaa. Chembe zimeanza kushuka, ingawa hazijafika pale zilipokuwa kabla ya ujinga huu, na itachukua miezi. Tumepoteza muda mrefu kwa huruma. Lakini njia iko.

Nilimgombeza daktari kwa kutotuambia kwa simu. Akasema sheria. Nikampa kahawa yote niliyokuwa nayo.

24 Desemba

Nimepika. Annastella anashona gauni la mwisho la kwaya, la mtu aliyelileta leo, asiye na haya.

28 Desemba

Hussein amekuja mchana. Amekonda. Shikamoo ilikuwa fupi. Akaketi pale pale alipoketi siku ile, akatoa kikapu changu kwenye mfuko, akakishika magotini, hataki kukitoa. Mtu aliyelelewa vizuri huona aibu.

Akasema, "Mama, Oliva yuko Mwanza, kwa dada yake. Walipima wakamjua huyo wa kwake, na dawa yake ipo. Ameanza dripu wiki mbili zilizopita. Nywele zimeanza kutoka. Ameniambia nikupe hiki, na nisikuombe radhi."

Annastella alisimama kwenye cherehani, uzi bado mdomoni.

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikafunua jani, nikatazama, nikaingiza mkono mpaka chini, nikapapasa pembe zote kama mtu anayetafuta sindano.

Hakikuwa na kitu.

Nimekitundika msumarini, mdomo wake ukiangalia mlango, kila anayeingia akione.